Mbuga ni Nini? Asili na Maana ya Neno Moja la Ardhi

Mwalimu wa jiografia akiwauliza wanafunzi wa kidato cha pili maana ya neno mbuga, huenda wengi wakajibu mara moja kwamba ni mahali wanapohifadhiwa wanyamapori. Watataja Serengeti, Mikumi, Tsavo au Nairobi. Jibu hilo si kosa, kwani ndivyo neno litumikavyo magazetini, redioni na katika mazungumzo ya kila siku. Lakini mkulima wa Shinyanga au Tabora akiulizwa swali hilo hilo, atajibu vingine. Kwake yeye mbuga ni ardhi ya chini iliyo tambarare, isiyo na miti mingi, yenye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Humo hulima mpunga, na humo ng'ombe wake hupata majani wakati malisho ya vilimani yamekwisha kukauka. Tembo na simba hawamo katika maelezo yake.

Watu hawa wawili wasema Kiswahili kimoja, na kila mmoja yu sahihi kwa upande wake. Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu: neno mbuga limetoka wapi, ardhi inayoitwa kwa jina hilo hufanyikaje, na jinsi maana ya neno ilivyohama kutoka kwenye udongo hadi kwenye wanyama. Mwishoni tutaona kwamba suala hili linawagusa pia watu wasioshughulika na kamusi.

Neno na jamaa zake

Katika lugha za Kibantu neno hujengwa kwa shina na kiambishi. Shina huchukua maana ya msingi, na kiambishi hulitia neno katika ngeli yake. Kwa hiyo anayetaka kujua asili ya neno hana budi kwanza kulivua kiambishi, kisha kulitafuta shina lake katika lugha za jirani.

Tukiivua mbuga hubaki shina -buga, na shina hili lina makao mengi. Katika Kinyarwanda, imbuga ni uwanja uliosafishwa mbele ya nyumba. Urubuga ni mahali pa wazi pa kukutania, na siku hizi neno hilo hutumika pia kwa mahali pa kukutania katika mtandao wa intaneti. Ikibuga, katika Kinyarwanda na Kirundi, ni kiwanja, kama vile kiwanja cha mpira au cha ndege. Katika Luganda, embuga ni makao au baraza la mtawala, mahali watu walipokusanyika kusikilizwa mashauri yao. Nayo ekibuga ni mji, na zamani hasa ulikuwa mji wa Kabaka.

Uwanja wa nyumba, kiwanja cha mpira, baraza la mtawala na uwanda wa nyasi ni vitu mbalimbali. Hata hivyo vyote vina sifa moja: ni mahali peupe, palipo wazi, ambapo jicho huona mbali bila kuzuiwa na miti wala vichaka. Sifa hiyo ndiyo inayoelekea kuwa maana ya msingi ya shina -buga.

Ni kweli kwamba kufanana kwa maneno peke yake hakutoshi kuthibitisha udugu. Maneno mawili yaweza kufanana kwa bahati tu. Mtaalamu wa lugha hudai ushahidi wa pili, nao ni kanuni ya sauti. Hapa Kiswahili chenyewe chatupatia ushahidi mzuri ambao mwanafunzi yeyote aweza kuukagua.

Sauti b iliyokuwako zamani mwanzoni mwa mashina mengi ya Kibantu imedhoofika au kupotea katika Kiswahili. Kinyarwanda husema kubona, Kiswahili husema kuona. Kinyarwanda husema kubumba kwa kazi ya mfinyanzi, Kiswahili husema kuumba. Lakini b hiyo ilipotanguliwa na sauti ya puani, haikupotea, bali ililindwa nayo. Ndiyo sababu twasema watu wawili na vitabu viwili, lakini nyumba mbili. Shina ni lile lile. Katika wawili b imelegea ikawa w, na katika mbili imelindwa na m. Vivyo hivyo, umoja wa zamani wa mbingu ni uwingu.

Sasa tulitazame neno uga. Uga ni uwanja wa wazi kijijini au mjini, mahali pa ngoma na michezo, na watangazaji wa mpira nchini Kenya hulitumia kila juma. Kwa kanuni tuliyoieleza, uga ni umbo tulitarajialo hasa kutokana na kiambishi u- na shina -buga baada ya b kupotea. Na mbuga ni umbo tulitarajialo pale b ilipolindwa na m. Linganisha na jozi nyingine: Kinyarwanda ururimi, wingi indimi, Kiswahili ulimi, wingi ndimi. Kwa mpango huo huo, Kinyarwanda kina urubuga, wingi imbuga. Nacho Kiswahili kina uga na mbuga. Yaelekea basi kwamba maneno haya mawili yalikuwa hapo kale umoja na wingi wa neno moja. Yalipoachana, uga ulibaki kijijini ukapata wingi mpya, nyuga. Mbuga ikaenda porini ikawa jina la uwanda.

Ushahidi huu ni wa ulinganishi, si wa maandishi, kwa kuwa shina lenyewe ni la kale kuliko maandishi yetu. Hata hivyo sauti na maana zinapokubaliana katika lugha nne, ni vigumu kudai kwamba ni bahati tu.

Kwa nini pawe wazi?

Ikiwa wazee waliita mahali hapo kwa sababu ya uwazi wake, swali la pili ni la mwanasayansi: kwa nini miti haioti pale, hali vilima vya kandokando vimejaa misitu ya miombo? Jibu limo ardhini.

Sehemu kubwa ya nyanda za juu za kati na magharibi mwa Tanzania imekaa juu ya mwamba wa kale sana wa matale. Nchi hiyo huinuka na kushuka kidogo kidogo, mfano wa mawimbi mapana. Mvua inaponyesha, maji hushuka kutoka mgongoni mwa kilima kwenda bondeni, juu ya ardhi na chini yake pia. Katika safari hiyo huchukua chembe ndogo kabisa za udongo pamoja na chumvi zilizoyeyuka, hasa za kalsiamu na magnesiamu. Chembe kubwa za mchanga hubaki nyuma. Bondeni, kwa kuwa mteremko ni mdogo mno, maji hutuama, na yale yaliyobebwa hukusanyika. Baada ya muda mrefu sana, kilima huwa na udongo wa mchanga ulionyang'anywa chumvi zake, na bonde huwa na udongo mzito wa mfinyanzi uliojaa chumvi hizo.

Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kwenye milima ya Usambara, ndiye aliyeueleza mpango huo kwa namna iliyowanufaisha wataalamu wa dunia nzima. Alipokuwa akichora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, alikuta taabu moja. Udongo ulibadilika mara nyingi mno katika mwendo mfupi, hata haikuwezekana kuuonyesha kwenye ramani ndogo. Lakini aligundua kwamba mabadiliko hayo yalijirudia kwa utaratibu ule ule: kila kilima kilikuwa na mfululizo wake wa udongo, na kila mfululizo uliishia kwenye udongo mweusi wa bondeni. Mwaka 1935 aliuita mfululizo huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo lafundishwa hata leo katika vyuo vikuu vya mabara yote, nalo lilizaliwa katika nchi zetu.

Pete ya mwisho ya mnyororo huo haikuhitaji jina jipya. Wataalamu wa udongo wa Tanganyika waliandika mbuga katika taarifa zao za Kiingereza bila kuitafsiri, kwa kuwa neno lilikwisha kutaja kwa usahihi kile walichotaka kukisema.

Wakulima walikuwa na elimu hiyo kabla ya ramani. Wasukuma wana majina ya udongo kwa kufuata mteremko: luseni ni wa kichanga wa juu, itogolo ni mgumu wa chini yake, na mbuga ni mweusi wa bondeni. Mkulima ajuaye majina hayo anajua pia mahali pa kupanda mihogo na karanga, na mahali pa kujenga majaruba ya mpunga.

Udongo unaojigeuza

Udongo wa mbuga una tabia za ajabu ambazo chanzo chake ni chembe zake. Mfinyanzi wa aina hii huitwa smektaiti. Kila chembe ni mfano wa kitabu chenye kurasa nyembamba mno. Udongo ukilowa, maji hupenya katikati ya kurasa na kuzitenganisha, hata udongo mzima huvimba. Ukikauka, maji hutoka, kurasa hukaribiana tena, na udongo hunywea. Kwa kuwa udongo hauwezi kunywea wote kwa pamoja bila kukatika, hupasuka. Wakati wa kiangazi nyufa hizo zaweza kumeza mkono mzima wa mtu.

Udongo wa juu ulio mkavu huporomokea ndani ya nyufa. Mvua ijapo, udongo wa chini huvimba, lakini nafasi yake imekwisha kujazwa na ule ulioporomoka. Kwa hiyo husukumana na kupanda juu. Hivyo mwaka hata mwaka udongo hujilima wenyewe. Ndiyo maana katika utaratibu wa kisayansi wa kuainisha udongo ulioanzishwa mwaka 1960 nchini Marekani, aina hii ilipewa jina la vetisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuza. Ili udongo uhesabiwe katika kundi hilo, hupaswa kuwa na mfinyanzi usiopungua asilimia 30, na uwe na tabia ya kupasuka unapokauka.

Hapo ndipo mti hushindwa. Wakati wa mvua mizizi hukosa hewa kwa sababu maji yametuama. Wakati wa kiangazi mizizi ile ile hukatwa udongo unapopasuka. Nyasi hustahimili kwa sababu hukua upesi, hukauka, na kuchipua tena. Miti michache tu huweza, kama vile mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi ambamo sisimizi hukaa, uitwao na wataalamu Vachellia drepanolobium. Basi uwazi uliowafanya wazee waseme mbuga ni matokeo ya maji, mfinyanzi na mteremko.

Inafaa kusahihisha hapa dhana moja iliyoenea. Wanafunzi wengi hudhani kwamba udongo ukiwa mweusi lazima uwe na mboji nyingi. Udongo wa mbuga mara nyingi una mboji kidogo tu, ila imeshikamana sana na mfinyanzi, nayo huupaka wote rangi. Utajiri wake hasa ni kalsiamu, magnesiamu na uwezo wa kuhifadhi maji. Naitrojeni yake mara nyingi ni haba. Tena kazi ya kuulima ni ngumu: ukikauka ni kama jiwe, ukilowa ni kama gundi, na siku zinazofaa kwa jembe ni chache.

Mbuga na majirani zake

Kiswahili kina maneno kadhaa kwa nchi iliyo wazi au ya chini, nayo yasichanganywe. Uwanda, au tambarare, hueleza umbo peke yake, yaani ardhi iliyo sawa, uwe udongo wake wowote. Bonde ni ardhi ya chini iliyo katikati ya miinuko. Nyika ni pori kavu la miiba na vichaka, kama lile lililo nyuma ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kinamasi ni mahali penye maji na matope kwa muda mrefu. Mbuga, kwa maana yake ya mashambani, huunganisha mambo manne kwa pamoja: ni tambarare, iko chini, ni ya nyasi, na hulowa kwa majira.

Lugha nyingine za Afrika zimeona haja ya neno lenye kazi inayokaribiana nayo. Zambia na Malawi husema dambo, Wahausa wa Nigeria husema fadama, na kusini mwa bara hutumika neno vlei kutoka lugha ya Kiafrikana. Maneno hayo pia yameingia katika vitabu vya sayansi bila kutafsiriwa. Maana zao hazilingani kabisa na ya mbuga, lakini zote zataja ardhi ya chini inayopokea maji kwa majira na ambayo wakulima na wafugaji huihitaji kiangazini.

Jinsi maana ilivyohama

Wanyama wakubwa wala nyasi hupenda nchi ya wazi yenye majani, na huko ndiko wawindaji na wasafiri walikowaona kwa wingi. Hivyo watu walizoea kusema mbuga za wanyama. Maeneo ya hifadhi yalipotengwa kwa sheria, kama vile Nairobi mwaka 1946 na Serengeti mwaka 1951, maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni. Kisha, kama itokeavyo mara nyingi katika lugha, sehemu ya pili ikadondoka. Mbuga peke yake ikaja kumaanisha eneo lililohifadhiwa, hata kama si tambarare wala halina nyasi.

Nchini Tanzania jina rasmi ni hifadhi ya taifa, lakini watu wengi huendelea kusema mbuga. Matokeo yake ni ya kushangaza kwa mtu anayekumbuka maana ya kwanza. Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895 na barafu kileleni, huitwa mbuga kwa kuwa ni hifadhi ya taifa tangu 1973. Milima ya Udzungwa, yenye misitu minene, nayo huitwa mbuga tangu ilipofanywa hifadhi mwaka 1992. Hata nyanda za nyasi fupi za kusini mwa Serengeti si mbuga kwa maana ya mkulima, kwa maana udongo wake umetokana na majivu ya volkano, na tabaka gumu lililo chini yake ndilo linalozuia mizizi ya miti. Kwa upande mwingine, hifadhi ya Nairobi ina nyanda za udongo mweusi unaopasuka. Huko maana mbili za neno zimekutana mahali pamoja.

Madhara ya kusahau

Maana ya neno kubadilika si dhambi. Lugha zote hufanya hivyo. Lakini maana ya zamani inapopotea bila neno jingine kushika nafasi yake, elimu iliyokuwa ndani yake hupotea pia.

Tuchukue ujenzi. Kata ziitwazo Mbugani ziko Mwanza na Tabora. Mtu anayejua mbuga ni udongo wa namna gani, akisikia jina kama hilo mahali popote, atauliza habari za maji na msingi kabla ya kununua kiwanja. Nyumba iliyojengwa juu ya mfinyanzi unaovimba na kunywea hupata nyufa ukutani, hata kama saruji ilikuwa njema. Ndiyo sababu mafundi wa Nairobi, katika sehemu zenye udongo mweusi, huuchimba na kuuondoa mpaka wafikie tabaka imara, kisha hujaza mawe au changarawe. Barabara nazo huharibika kwa sababu hiyo hiyo.

Tuchukue pia haki. Mkulima akisema, "Shamba langu liko mbugani," anataja aina ya udongo. Msikilizaji wa mjini, ambaye kwake mbuga ni hifadhi, aweza kudhani amesikia habari ya uvamizi. Katika nchi ambamo mipaka kati ya kilimo, malisho na hifadhi ni jambo zito, si vema neno moja likawa na maana mbili zinazoweza kumgeuza mwenye shamba kuwa mvamizi. Njia ya kuepuka ni rahisi: tuseme hifadhi tunapotaja eneo lililolindwa kwa sheria, na mbuga tunapotaja ardhi yenyewe.

Kazi kwa wanafunzi

Mwalimu aweza kulithibitisha somo hili kwa vifaa vichache. Tengenezeni vijisanduku viwili vya mbao visivyo na kifuniko, kila kimoja kikiwa na urefu wa ndani wa milimita 100, upana wa milimita 20 na kina cha milimita 20. Pakeni mafuta ndani. Chukueni udongo wa mlimani na udongo mweusi wa bondeni, saga kila mmoja, ondoeni mawe na mizizi, kisha ukandeni kwa maji mpaka uwe laini. Jazeni vijisanduku bila kuacha hewa. Viacheni kivulini siku moja, kisha juani mpaka udongo ukauke kabisa. Pimeni urefu wa kila kipande.

Toeni urefu wa mwisho kutoka urefu wa kwanza, gawanyeni kwa urefu wa kwanza, kisha zidisheni kwa 100. Kipande kilichopungua kutoka milimita 100 hadi 85 kimenywea kwa asilimia 15. Udongo wa kichanga karibu hautabadilika. Udongo wa mbuga waweza kuzidi asilimia 10. Mwanafunzi aliyeona tofauti hiyo kwa macho yake hatahitaji kukariri sababu ya nyumba kupasuka.

Kazi ya pili haihitaji kifaa isipokuwa daftari. Waulizeni wazee wa mahali penu majina ya aina za udongo na ardhi, kuanzia kileleni hadi bondeni, na kila jina liandikwe pamoja na mazao yanayofaa na dalili za kulitambua. Kisha pandeni kilima pamoja nao, mkilinganisha majina na udongo mnaouona. Orodha ya namna hiyo, ikifanywa kwa uangalifu, ndiyo katena ya mahali penu, iliyoandikwa kwa maneno ya wenyeji wake.